Kabla Hujampigia Dalali Simu, Pima Mahindi Yako

Msimu wangu wa kwanza wa mahindi hapa Mbozi, Tanzania, nilivuna gunia 41, nikauza palepale shambani. Dalali alikuja na Fuso, vijana wake na magunia yake. Wakajaza, wakashindilia, wakaongeza juu mpaka kila gunia likavaa kilemba, ndipo wakashona. Gari lilijaa, likabaki gunia moja. Jioni nikaazima mzani kwa jirani nikalipima: kilo 119. Piga hesabu: gunia ni kilo 100, kwa hiyo kilo 19 za ziada mara gunia 40 ni kilo 760. Gunia saba na nusu nilimgawia mtu bure, na bado nilimshukuru!

Lumbesa, yaani gunia la kilemba namna hiyo, imekatazwa kisheria, lakini sheria haiji shambani kukushikia gunia. Nilinunua mzani wangu wa kuning'iniza, nauza kwa kilo. Dalali asiyetaka mzani aende zake. Julai malori hayakosi huku.

Shambani sitakaa sana. Mistari sentimita 75, shimo hadi shimo 30, mbegu mojamoja. Viwavijeshi vamizi wawahi wakiwa wadogo. Ukiona kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa muhindi, pulizia jioni, dawa iingie humohumo. Kiwavi akishanenepa ndani, unamwaga hela.

Kinachowaangusha wengi ni unyevu. Mahindi mabichi yakifungwa stoo huota ukungu, na sumu ya ukungu huo, sumukuvu, haiondoki kwa kupika. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu kwa sababu hiyohiyo. Soko rasmi linataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu, tia chumvi iliyokauka vizuri na mahindi kiasi, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Isipoganda, yako chini ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo mimi huyaanika tena siku mbili, juu ya turubai, si chini. Kisha yanaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Dumuzi humo hukosa pumzi na kufa bila dawa.

Ila usifungie yote ukingojea bei. Mwaka 2017 mahindi yalipozuiwa kutoka nje ya nchi, bei ilianguka huku mimi nina stoo imejaa na mkopo wa mbolea unanidai. Siku hizi nauza mapema ya kutosha kulipa vibarua na kununua mbolea ya msimu ujao, natenga ya kula, yanayobaki ndiyo yanangoja Januari au Februari.

Mwaka huu nimetaka yangoje gunia 20. Mama watoto anasema 30, na mzani anao yeye.