Jibu: Wadhamini wanatukwepa, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Nikikusoma vizuri, mko makundi mawili, nyinyi wa Nairobi na wenzenu wa Mombasa, kila moja linamwendea mdhamini yuleyule kuomba pesa za mbio za boti za kasi baharini, na wote mnarudi mikono mitupu.

Kwanza angalieni kama kuna kundi lenye cheti cha Msajili wa Michezo. Nilipofuatilia udhamini wa klabu yetu ya kuogelea, meneja wa masoko hakufungua hata ukurasa wa pili wa barua. Aliuliza cheti, akaunti ya benki kwa jina la klabu, na bima. Basi. Usajili huo uko kwenye Sheria ya Michezo ya 2013. Andikeni katiba moja, mgawane viti mapema kabla pesa haijaonekana, maana ikishaingia hamtaelewana. Hata UIM, shirikisho la dunia la mbio za boti lililoko Monaco, hufanya kazi na vyama vya kitaifa, si makundi ya marafiki.

La pili, boti zikishatoka nje ya mwamba, nani anaziona? Mdhamini hanunui povu. Choreni njia inayorudi karibu na ufuo kila mzunguko, watu wasome jina lake ubavuni. Ufuo wa Mama Ngina pale Mombasa unapendeza, lakini meli hupita hapohapo, kwa hiyo bila Mamlaka ya Bandari hamna mbio. Epukeni pia hifadhi ya bahari ya Mombasa, upande wa Nyali, na msipange wakati wa upepo wa kusi.

Bajeti ianze na boti za uokoaji na daktari, fulana baadaye.