Kompyuta ya Kiganjani: Vitufe Vinne Vinatosha

Wengi wanaopata kompyuta ndogo ya kiganjani huanza na mapambo. Siku ya kwanza wanapakia michezo, vikokotoo, kamusi na saa za miji ambayo hawataikanyaga kamwe. Mwezi haujaisha, kifaa kimelala kwenye droo na mwenyewe amerudi kuandika namba za simu nyuma ya risiti. Halafu utamsikia akisema vifaa hivi ni mbwembwe tu.

Mimi ni mtu wa Palm, aina mojawapo ya kompyuta hizi, tangu zile za kioo cha kijivu zinazotumia betri mbili za AAA, na mengi ninayoshauri hapa yametoka huko. Kama unatumia kompyuta ya kiganjani ya aina nyingine, kama Psion ya zamani au Visor, au hata programu ya ratiba kwenye simu, sehemu kubwa itakufaa vilevile. Jambo lenyewe ni hili: kifaa kinaanza kukusaidia siku unapoacha kujisumbua kukumbuka kilichomo ndani yake. Na hutaacha mpaka uwe na hakika kwamba kila kitu kimo, na kwamba kitakujia kwa wakati wake.

Jeff Hawkins, aliyebuni Palm ya kwanza, iliyoitwa Pilot, ya mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao mfukoni kabla kifaa chenyewe hakijatengenezwa. Mtu akitaka wapange kukutana, alikitoa na kujifanya anaangalia ratiba, ili ajue angekihitaji wakati gani na kwa kazi ipi. Kifaa kilipotoka kilikuwa na vitufe vinne mbele: ratiba, anwani, kazi za kufanya na maandishi. Bonyeza kimojawapo hata kikiwa kimezimwa, kinawaka na kukufungulia ukurasa huo papo hapo. Pilot 1000 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, na watu wenye shughuli nyingi waliendesha mambo yao nayo. Kwa hiyo wiki chache za mwanzo usiongeze programu yoyote. Vizoee hivyo vinne kwanza.

Kasi ya kuandika ndiyo inayoamua. Kama kuandika kwenye kifaa ni kazi kuliko kuchana kikaratasi, utachana kikaratasi. Palm za zamani zinatumia mwandiko wa Graffiti, ambao karibu kila herufi ni mchoro mmoja bila kuinua kalamu. A, kwa mfano, ni V iliyopinduliwa, bila kile kistari cha katikati. Herufi huandikwa upande wa kushoto wa kisanduku cha kuandikia kilicho chini ya kioo na tarakimu upande wa kulia. Baadhi ya wanaolalamika kwamba kifaa hakiwasomi wanachanganya pande hizo tu. Msumbufu mkubwa ni V, maana hugeuka U. Iandike kuanzia kulia kwenda kushoto na ugomvi utaisha. Andika kwa ukubwa unaojaza kisanduku, kwa mwendo wako wa kawaida, kwa sababu anayeandika polepole kwa woga ndiye anayekosewa zaidi. Kalamu ikigusa hapa na kifaa kikaitika pale, rekebisha ulengaji wa kioo kwenye mipangilio kabla hujalaumu mkono wako.

Kisha kuna vifupisho, ambavyo sijui kwa nini watu huviruka. Unachora kitanzi kama l ya mwandiko wa kuunganisha, unafuatisha herufi mbili tatu, na maneno yote yanatokea. Vinavyokuja na kifaa ni vya Kiingereza, lakini unaweza kutunga vyako. Kwangu "ps" ni "Piga simu kwa" na "mk" ni "Mkutano na". Kimoja cha asili ninachokipenda ni "dts", kinachoweka tarehe na saa ya wakati huo. Nikiongea na mtu kuhusu kazi, nafungua anwani yake, nakwenda kwenye maelezo, naweka "dts" na neno moja juu ya alichoahidi. Siku akikana, namsomea.

Orodha ya kazi ndipo penye vurugu zaidi. Mtu anaandika "gari", "bima", "harusi". Hizo si kazi, ni wasiwasi. Andika kitendo, tena kwa amri: "Lipa bima", "Peleka gari kwa fundi". Kuna faida nyingine hapa. Kitafutio cha Palm hulinganisha mwanzo wa neno peke yake. Ukiwa umeandika "kulipa" mahali na "nimelipa" kwingine, ukitafuta "lipa" hupati hata moja. Waliokitengeneza hawakuwa na habari za viambishi vyetu. Ukianza na kitenzi kitupu, utafutaji unafanya kazi. Hali kadhalika majina ya watu: chagua namna moja ya kuyaandika na usiibadilishe.

Kila kazi unaweza kuipa ngazi moja kati ya tano za umuhimu. Mimi natumia mbili: 1 kwa leo, 3 kwa mengine yote. Mwenye kutumia zote tano atamaliza asubuhi akipandisha na kushusha, wakati kazi yenyewe inamsubiri. Tarehe ya mwisho iweke pale tu penye tarehe ya kweli. Ukijiwekea tarehe za kujitisha utazoea kuziona zimepita, na ya kweli itapita katikati yao. Makundi unaweza kutengeneza hadi 15, lakini manne yanatosha, na yafaayo zaidi ni yale yanayofuata mahali au mtu: "Simu", "Mjini", "Bosi". Ukijikuta umekaa foleni, fungua "Simu" na uzimalize zote. Nimeona watu wakigawa kwa mada, fedha huku na afya kule, lakini unapopata dakika kumi swali ni moja tu: ninaweza kufanya nini hapa nilipo?

Kengele nazo zina ujanja wake. Kwa miadi yenye saa, kifaa kinapendekeza dakika tano kabla, muda unaomfaa mtu aliye chumba cha pili. Badilisha kwenye mipangilio, uhesabu na safari ya kufika. Kwa jambo lisilo na saa, kama siku ya kuzaliwa, kengele huhesabiwa kurudi nyuma kutoka saa sita usiku siku hiyo inapoanza. Ukiweka "siku moja kabla", itatokea kwenye kioo usiku wa manane, tena bila mlio. Weka muda wa saa sita kabla, nayo itatokea saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia, wakati bado unaweza kutafuta zawadi. Na usiwekee kila kitu kengele, utaishia kuzizima bila kusoma.

Anwani hazina mengi. Orodha hupangwa kwa jina la ukoo, lakini fundi bomba humkumbuki kwa ukoo wake. Andika kazi yake katika nafasi ya kampuni, kisha uchague orodha ipangwe kwa kampuni. Basi.

Sasa umeme. Palm nyingi za kabla ya mwaka 2004 hutunza data kwenye kumbukumbu isiyostahimili kukosa umeme. Betri zikiisha kabisa, kila kitu kinafutika. Unapobadilisha zile za AAA una kama dakika moja, basi ziwe mkononi tayari kabla hujafungua kifuniko, na uwe umeshahamishia nakala kwenye kompyuta. Ukitumia za kuchajiwa, usiamini kipimo cha betri. Hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kifaa kitasema zimechoka wakati bado, kisha zitakatika ghafla. Na kifaa usichokitumia usikiache droo na betri zilizokufa, zitavuja na kula vyuma.

HotSync, yaani kukiunganisha kifaa na kompyuta ili data zao zilingane, ifanye kila siku, saa ileile, hata kama siku hiyo hukuandika kitu. Nakala ya juzi si nakala, ni faraja. Na usihariri miadi moja kwenye kompyuta na kwenye kifaa pia kabla hujaviunganisha, la sivyo utaipata mara mbili na hutajua ipi ndiyo. Chagua upande mmoja uwe wa kuandikia. Mimi naandika kwenye kifaa, kompyuta ni ghala tu.

Kuhusu siri: alama ya "binafsi" katika Palm za zamani huficha maandishi, haiyafungi. Anayejua vifaa hivi akipata faili zako kwenye kompyuta anaweza kuyasoma. Nywila za benki ziweke kwingine.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, nafungua ratiba ya wiki, kisha orodha ya kazi, na kuamua zipi ni 1. Jioni nafuta zilizokwisha, nikiacha alama ya kuhifadhi nakala kwenye kompyuta, inayoonekana unapofuta, maana kuna siku utaulizwa ulilipa lini. Hizo dakika chache mara mbili kwa siku ndizo zinazokifanya kifaa kiaminike. Ukiziruka wiki moja, orodha inajaa vitu vilivyokufa na jicho linaanza kuikwepa.

Ukifikiria kuhamia simu, fanya hivyo wakati kompyuta yenye Palm Desktop, programu inayotunza data za Palm yako, bado inawaka. Toa anwani kwa mfumo wa vCard, ambao simu za sasa zinausoma, na maandishi uyatoe kama maandishi ya kawaida. Vifupisho havihami, vinakili kwa mkono. Kama utabaki na Palm, jua tu kwamba kalenda yake inaishia Desemba 31, 2031. Miadi ya mbele ya hapo itabidi uiandike kwingine.