Kwetu ni Juu, Kwenye Mawe

Mwanangu wa kwanza alipotea akiwa na miaka mitano, pale mwaloni Kirumba, wakati mimi nikivutana bei ya dagaa na mchuuzi mmoja. Nilipompata baada ya nusu saa, alikuwa amekaa juu ya gunia, amezungukwa na akina mama watatu waliokuwa wakimhoji kwa upole. Mama yako anaitwa nani? “Mama.” Kwenu ni wapi? “Juu, kwenye mawe.” Anayeijua Mwanza atacheka, kwa kuwa milima yetu, kuanzia Igogo hadi Mabatini, imejaa nyumba zilizobanana katikati ya mawe, lakini siku ile sikucheka, maana mtoto niliyemfundisha kuhesabu hadi mia na kuimba wimbo wa taifa beti zote mbili hakuwa na hata neno moja la kumrudisha nyumbani.

Tunapotaja usalama wa taifa mbele ya watoto, aghalabu tunashusha sauti, nao wanabaki wakidhani ni jambo la watu wenye miwani myeusi wasioulizwa maswali. Mimi nimefikia kuamini kwamba kwa mtoto wa shule ya msingi somo hili huanzia chini kabisa: ajue majina kamili ya wazazi wake, mtaa wake, na mlango wa kugonga usiku ikiwa baba na mama hawapo au hawawezi kuamka. Niliwachukua wanangu wote watatu, tukaenda kwa balozi wa nyumba kumi, wakamwamkia, akawaonyesha dirisha la chumba anacholala. Kisha tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa kweli alishangaa kutembelewa na watu wasiohitaji barua.

Namba za dharura nazo hazitoshi kukaririwa. Watoto wangu walijua upesi kwamba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ni ya polisi, lakini nilipowapa simu iliyozimwa wafanye zoezi, binti yangu alitumia dakika mbili nzima kueleza moto ulivyoanzia jikoni na nani aliyeuacha mkaa bila kuuzima, pasipo kutaja tuko wapi. Tangu hapo kanuni yetu ni kutaja mahali kwanza, pamoja na alama inayojulikana kama msikiti, kanisa au kituo cha daladala, ndipo jambo lenyewe lifuate. Niliwaeleza pia kwamba anayepiga namba hizo kwa mchezo anaweza kumzibia laini mtu ambaye nyumba yake inaungua kweli.

Kosa langu kubwa lilihusu ziwa letu, Victoria. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018, kikiwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, niliona nimwambie mwanangu kila kitu, nikaanzia mbali, kwenye MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996 na kuchukua mamia ya watu ambao wengi wao wamezikwa Igoma. Nilidhani ninamjenga. Miezi miwili baadaye, tukielekea msibani Sengerema, alishika chuma cha geti pale kwenye kivuko cha Kamanga kwa mikono yote miwili na kukataa kupanda, hata watu wa nyuma yetu wakaanza kuguna. Mama mkwe wangu, ambaye amezaliwa Ukerewe na amevuka maji tangu akiwa mgongoni, alimwinamia akamwambia: “Mjukuu wangu, niambie majaketi ya kuokolea yako wapi humu.” Mtoto akaachia chuma, akaingia kuyatafuta.

Njia hiyo ndiyo ninayoifuata hadi leo, yaani kumpa mtoto kazi badala ya kumpa habari. Kabla ya kukaa, kila mmoja anatafuta majaketi na kuonyesha jinsi ya kufunga mikanda yake. Na kivuko kinapokaribia gati tunabaki tulipo hadi kifungwe, kwa sababu watu wote wakikimbilia upande mmoja chombo huinama. Nyumbani tuna dumu tupu la lita 20, mfuniko umekazwa, kamba imefungwa mkononi mwa dumu, na watoto hushindana kulirusha karibu na ndoo iliyowekwa uani, kwa kuwa anayemrukia mtu anayezama bila ujuzi mara nyingi huzama naye, ilhali dumu huelea wala halivutwi chini na mtu aliyepagawa.

Katika Kisiwa cha Saanane, ambako shule nyingi huwapeleka watoto kuona wanyama, mimi huwaongezea kisa kimoja. Mwezi Machi 1979, wakati wa vita dhidi ya Idi Amin, ndege ya Libya, mshirika wa Amin, iliyotumwa kulipua matangi ya mafuta hapa Mwanza ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwani na kuua wanyama. Watoto huwahurumia swala kuliko kitu kingine chochote, nami hupitia mlango huo kuwaambia wasiokote chuma wasichokijua, wasirushe picha ya tukio kwa simu kabla ya kumwambia mtu mzima, na kwamba mkubwa anayewataka wafiche siri kwa wazazi wao lazima atajwe nyumbani siku hiyohiyo.

Hapo mimi huwa makini sana. Mji huu umejaa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakurya, pamoja na wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya, na sitaki mwanangu aone hatari katika lafudhi ya mtu. Nimemwambia atazame tendo: nani ameacha mzigo na kuondoka, nani anauliza wazazi hulala saa ngapi.

Juzi mvua ilinyesha usiku, maji yakashuka kwa kishindo kati ya mawe kuelekea Mto Mirongo. Nilipoamka kutafuta tochi, sikuikuta msumarini. Mtoto wa mwisho alikuwa amekaa nayo kitandani, amevaa viatu, akinisubiri nimwambie ni mlango upi.