Timu ya mtaa kuingia ligi ya wilaya Mtwara: anza na kalenda ya wachezaji wako

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Timu yenu ya hapo Magomeni, Mtwara mjini, ikitoka kwenye ndondo, yaani mashindano ya mtaani, na kuingia ligi ya wilaya itahitaji pesa kiasi gani, mtawazuiaje wachezaji wasipotee katikati ya msimu, na yule mfanyabiashara anayetaka kuwapa jezi mumkubalie au mumuache. Mimi ni katibu wa timu moja ya Mikindani, nimekuwa nayo tangu inacheza mabonanza mpaka ikaingia ligi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaishi.

Naanza na hilo la wachezaji, maana ndilo linaloua timu huku kwetu. Ukata unaumiza, lakini watu wakiona timu inacheza watachanga. Timu isiyofika uwanjani hakuna atakayeichangia, na mpinzani anaondoka na pointi tatu na mabao matatu akiwa amekaa kivulini.

Sheria ya mpira inasema mechi haianzi kama upande mmoja una wachezaji chini ya saba. Ukiwa Magomeni leo unaona hiyo ni kanuni ya timu nyingine, kwa sababu mazoezini wanakuja vijana thelathini. Subiri Oktoba ifike. Korosho zikianza kudondoka, beki wako wa kati yuko shambani kwa babu yake Nanyamba, winga anabeba magunia ghalani, na straika amepata kibarua cha kupima mzigo kwenye chama cha msingi. Huwezi kumlaumu hata mmoja. Hiyo ndiyo pesa ya mwaka mzima ya familia zao. Na kabla ya hapo, kuanzia kama Juni, kuna kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, kazi ya alfajiri kabla upepo haujachachamaa. Kijana aliyeamka saa tisa usiku kubeba mashine ya kupulizia mgongoni hana miguu ya kukimbia saa kumi jioni.

Ligi yetu ule msimu wa kwanza ilianza mvua zilipokata, ikaenda kwa kusuasua, ikaja kuingia moja kwa moja kwenye minada ya korosho. Timu zilizokuwa juu ya msimamo mwezi wa nane zikaanza kuporomoka, wala si kwa mpira. Timu moja iliyotufunga mzunguko wa kwanza, tena ilitufunga vizuri, kwenye marudiano ilikuja na kipa wa akiba anacheza beki ya kulia.

Sisi tulichofanya ni hiki, na ndicho ninachokusihi ukifanye kabla hujanunua hata mpira. Chukua daftari, andika jina la kila mchezaji, mbele yake andika kazi yake, na mbele ya kazi andika miezi ambayo hatapatikana. Kaa naye muulize, usikisie. Utagundua kwamba wachezaji wa Mtwara hawapotei wote kwa pamoja. Wa korosho anapotea Oktoba hadi Desemba. Mwanafunzi anapotea wakati wa mitihani, au likizo akienda kwao kwenye jando la mdogo wake. Bodaboda yupo mwaka mzima, ila siku za mnada abiria ni wengi na hataki kuzima pikipiki.

Halafu kuna wavuvi, na hapa watu wa mjini huwa mnawaonea. Mikindani tunao vijana wengi wa dagaa, na kocha wetu wa kwanza alikuwa akisema wavuvi hawaaminiki, leo wapo kesho hawapo. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya uvuvi, nikamwambia kocha, angalia mwezi. Dagaa wa taa anavuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, vyombo vinakaa pwani, na vijana wamelala usiku kucha kama watu wengine. Kwa hiyo mechi ikiangukia siku za mbalamwezi, kiungo wangu mvuvi ananipa dakika tisini zote. Ikiangukia giza, namuweka benchi na simlaumu. Ratiba ya ligi ikitoka tunakaa mimi, kocha na nahodha, tunaipanga pembeni ya kalenda yenye tarehe za mwezi, na tunajua mapema mechi ipi tutaenda na kikosi gani. Usajili wetu ukafuata hapo. Hatukutafuta wachezaji bora tu, tulitafuta wachezaji ambao hawakosekani kwa wakati mmoja. Tulimaliza nafasi ya tatu na hatukuwahi kushindwa kufika uwanjani. Kwangu mimi hilo la pili ni kubwa kuliko hilo la kwanza.

Sasa pesa. Siwezi kukupa jumla, kwa sababu ada za chama, usajili na posho za waamuzi hupangwa msimu kwa msimu, na ya mwaka wetu si ya mwaka wenu. Nenda chama cha wilaya, omba kanuni za msimu huu kwa maandishi, soma ukurasa kwa ukurasa. Ninachoweza kukwambia ni pesa inaishia wapi, na jibu ni usafiri. Jezi unanunua mara moja. Kwenda ugenini kunajirudia.

Mechi ya Msimbati nitaikumbuka. Tulikodi kirikuu mbili, tukapita Madimba pale kwenye mtambo wa gesi tukiwa tunaimba, muda bado tunao. Baada ya hapo njia ikawa mchanga, na kirikuu ya nyuma ikazama hadi ekseli. Vijana wakashuka, wengine wameshavaa soksi za mechi, wakakata majani ya minazi na kuyatandika chini ya matairi, huku dereva anawaambia wasukume taratibu asije akachimba zaidi. Kipa wetu, mtu mzito, ndiye aliyeinua nyuma kwa mabega. Tulifika waamuzi wanaangalia saa. Na huku kwetu saa si kitu cha kuchezea, maana jua linazama kama saa kumi na mbili. Mpira ukianza saa kumi kamili, ukiweka mapumziko ya robo saa na muda wa majeruhi, unamaliza mwanga ukiwa bado upo. Ukianza saa kumi na nusu, dakika za mwisho kipa anadaka kivuli. Tulicheza robo ya mwisho tunaitana majina ili tujue nani yuko wapi. Tulitoka sare, na wenyeji wetu wakatupa samaki wa kukaanga na madafu kabla hatujaondoka. Nawashukuru mpaka leo.

Tangu hapo tunaondoka asubuhi, tunakula huko huko. Ukipanga bajeti, weka chakula cha mchana kwenye mechi za mbali kabla hujaweka posho ya mtu yeyote. Kijana aliyeshinda na chai na muhogo hawezi kushindana kipindi cha pili.

Kwenye vifaa, usikubali kuambiwa kila kitu lazima kitoke Dar. Nyavu zetu za goli zimeshonwa na mzee mmoja wa hapa ufukweni ambaye amekuwa akitengeneza jarife, nyavu kubwa za kuvulia samaki, maisha yake yote. Tulimpelekea vipimo, mita 7.32 kwa upana na 2.44 kwa kimo, akauliza kina nyuma kiwe kiasi gani, akakata jarife kuukuu, akaunga kwa kifumo na uzi mpya, na pembeni akapitisha kamba ya chombo ili isiraruke inapofungwa kwenye mlingoti. Nilikaa naye siku hiyo. Kila fundo alilivuta kwa meno, akalikagua, kama halikumridhisha alilikata akaanza upya. Akasema, shuti la mtu mzima si samaki changu, linakuja na nguvu zake. Nyavu hizo zimepita misimu na hazijatoboka. Hakutaka malipo, alitaka kiti cha kukaa uwanjani siku za mechi, na kiti chake kipo. Mipira nayo ikitobolewa na miba, fundi viatu anafungua mshono, anabadilisha bladda, anashona. Muombe tu asiijaze mpaka iwe jiwe.

Viwanja vyetu vya pwani vina jambo jingine ambalo kocha akitoka bara atachelewa kulielewa, nalo ni upepo. Mechi nyingi za ligi zinaangukia kipindi cha kusi, na pale kwetu saa kumi jioni unavuma kutoka goli moja kwenda jingine. Jua likielekea kuzama unatulia. Kwa hiyo nahodha akishinda shilingi, aombe upande ambao kipindi cha kwanza upepo uko mgongoni mwake. Kipindi cha pili mpinzani anabadilisha goli akidhani zamu yake imefika, kumbe upepo umeshalala. Tangu 2019 sheria inamruhusu aliyeshinda shilingi kuchagua goli au kuchagua kuanza mpira, na vijana wanapenda kuanza mpira. Mkataze nahodha wako. Mabao yetu mengi ya nyumbani msimu ule tulifunga kabla ya mapumziko.

Kuhusu mamluki, utakutana nao tu. Ligi ikifika ukingoni unaona timu imeleta sura ambayo mzunguko wa kwanza haikuwepo, jina kwenye leseni ni la mtu unayemjua na aliyeko uwanjani si yeye. Usigombane na refa, refa anasoma karatasi. Kazi ya katibu ni kukagua leseni kabla ya mechi mbele ya kamisaa, kuandika pingamizi kwa utaratibu uliopo kwenye kanuni, na kulipa ada ya rufaa ndani ya muda. Tuliwahi kupata pointi mezani kwa njia hiyo, na tuliowakatia rufaa walilalamika kwamba tumeshinda kwa kalamu. Mimi sioni aibu. Yule kijana halali aliyetolewa ili mgeni avae jezi yake alikuwa anafanya mazoezi tangu mvua, na hakuna aliyemsemea zaidi yetu.

Na watakuja watu wa kukwambia mnahitaji fungu la kamati ya ufundi. Unajua ninachomaanisha, pesa za waganga. Sisi tulikataa kwenye kikao cha kwanza, tukaandika kwenye muhtasari, wazee wakasaini. Pesa ile ile tulinunua bandeji, dawa ya kuchua na barafu ya siku za mechi. Kama kuna mzee anataka kuomba dua, aombe, dua haina risiti.

Mfanyabiashara wa jezi. Mkubalieni, lakini kwa maandishi. Andikeni anatoa nini, lini, na anapata nini. Jina lake kifuani, sawa. Kuchagua kikosi, hapana. Kubadilisha jina la timu, hilo lipelekeni kwenye mkutano wa wanachama wote, maana jina la mtaa ndilo linalomleta mama muuza vitumbua kushangilia na kuchangia mia tano yake. Tulikuwa na mdhamini aliyekaa mpaka mechi ya tatu akaondoka, akataka na jezi zake zirudi. Karatasi ndiyo iliyotuokoa. Na uliza mapema, pesa yake inatoka wapi na inatoka lini. Akiwa mtu wa korosho, ahadi ya Julai itatimia Novemba, na wewe ligi yako haisubiri malipo ya mnada. Hata michango ya wanachama tumeipanga hivyo: wenye mshahara wanachanga kila mwisho wa mwezi, wakulima wanachanga mara moja, baada ya mnada, na tunawaandikia risiti.

Mtaani watakuuliza pia ligi ya wilaya ina faida gani, si bora kubaki kwenye ndondo ambako kuna mbuzi wa zawadi. Wajibu hivi. Ndanda, timu ya hapa Mtwara, walipopanda Ligi Kuu 2014, uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya miti, na vijana wetu wakawaona wachezaji wakubwa kwa macho yao. 2020 wakashuka, na kijana wa Mtwara leo ngazi yake inaanzia chini: wilaya, mkoa, mabingwa wa mikoa, kisha madaraja ya juu. Ndondo haimo kwenye ngazi hiyo. Angalieni jirani zetu wa Ruangwa. Timu yao ya Namungo ilipanda Ligi Kuu 2019, mwaka uliofuata wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba kule Sumbawanga, wakafungwa 2-1, na bado wakapata nafasi ya Afrika wakafika hatua ya makundi. Ruangwa ni mji mdogo kuliko Mtwara, na korosho wanavuna kama sisi.

Kwa hiyo wiki hii usiende dukani. Itisha wachezaji jioni moja baada ya mazoezi, kaa nao chini mmoja mmoja na daftari. Mkifika kwa wavuvi wa Shangani mliowasajili, waulize wanavua dagaa au wanavua mshipi, maana kalenda zao ni tofauti. Ukimaliza, hesabu ni wangapi watakuwepo Jumamosi ya katikati ya Novemba. Wakiwa chini ya kumi na watano, sajili kwanza. Na vipimo vya nyavu ninavyo, njoo Mikindani siku yoyote nikupeleke kwa mzee.