Ukimwandikia profesa, anzia juu

Mwanafunzi mgeni chuoni akiniuliza amwiteje mhadhiri wake, humwambia aanze na cheo na jina la ukoo, ashuke akiambiwa ashuke. Mhadhiri asiyependa vyeo atakwambia mwenyewe siku ya kwanza. Anayevipenda, ukimwita kwa jina lake tu, huenda asiseme neno, ila kashakuwekea alama kichwani.

Vyeo vyenyewe vina mitego. Marekani, wanafunzi humwita profesa karibu kila anayewafundisha chuoni, hata aliye ngazi ya chini. Uingereza kwa desturi cheo hicho ni cha ngazi ya juu kabisa, na mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu ni Dokta. Ukienda Sweden utakuta tangu miaka ya 1960 watu waliachana na vyeo, na profesa anaitwa kwa jina lake la kwanza. Kwa hiyo mazoea ya ulikotoka yasikuponze: fungua tovuti ya idara, angalia ameandikwaje. Ni kazi ya dakika moja.

Hapo hapo niseme jambo linaloniudhi. Mhadhiri wa kiume anaitwa Dokta, mwenzake wa kike mwenye shahada ileile, pengine na machapisho mengi zaidi, anaitwa Madam. Wanaofanya hivyo wengi hawana nia mbaya, lakini yeye anasikia kila siku. Kama wote ni madokta, waite wote madokta.

Sasa barua pepe, maana huko ndiko watu huharibu. Mfano:

“Mambo prof, jana sikuja, kuna cha muhimu nilikosa?”

Wengi watalaumu hilo “mambo”. Mimi naona swali la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu linamwambia mtu kwamba huenda saa mbili alizofundisha hazikuwa na cha maana. Tena hajui wewe ni nani, wala ni somo lipi kati ya anayofundisha. Linganisha na hii:

“Habari za asubuhi, Dokta. Naitwa fulani, niko somo la takwimu, kundi la Jumanne. Jana sikuhudhuria kwa sababu ya ugonjwa. Nimepitia slaidi na maelezo ya mwenzangu, ila nimekwama kwenye mfano wa pili. Naomba kuja ofisini wakati wa kuonana na wanafunzi.”

Hakuna “mheshimiwa sana” wala “profesa wangu mpendwa”. Hizo zinanuka kujipendekeza. Na kumheshimu mtu hakukuzuii kumpinga. “Profesa, jedwali hili naona linaonyesha kinyume” ni sentensi ya adabu kabisa, na wengi wao huifurahia.

Akikujibu akaweka jina lake la kwanza tu chini ya barua, wapo wanaochukulia hiyo ni ruhusa. Mimi naendelea na cheo mpaka nikutane naye, kisha namuuliza: “Unapenda nikuite vipi?” Sijamwona aliyechukizwa na swali hilo.