Anza na jicho: kwa wanaoingia katika utafiti wa umakini

Karibu kila mwanafunzi anayejiunga na maabara ya umakini hutaka kuanza na ubongo wenyewe. Mimi humwomba kwanza aketi kwenye kiti cha mshiriki, akazie macho nukta iliyo katikati ya skrini, kisha afuatilie kwa akili peke yake kinachotokea pembeni. Dakika chache zinatosha kumwonyesha jinsi jicho linavyovutwa, na jinsi umakini unavyoweza kuhamia upande mmoja ilhali jicho limebaki pale pale. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alilibaini jambo hilo katika karne ya 19. Mwanasaikolojia Michael Posner, katika makala yake ya mwaka 1980, aliligeuza kuwa kipimo: mshale hudokeza upande ambako alama itatokea, na mshale ukisema kweli mshiriki hubonyeza kitufe mapema zaidi kwa makumi ya milisekunde kuliko ukimpotosha.

Tofauti hiyo ni ndogo, na ndiyo maana uzembe mdogo unaweza kuimeza au kuizua. Nilipokuwa mwanafunzi nilirekodi umeme wa ubongo kwa elektrodi, yaani vihisi vya umeme vinavyobandikwa kichwani, nikapata tofauti kubwa na ya kupendeza kati ya mshale wa kulia na wa kushoto. Nilikuwa nimeshaanza kuandika matokeo, mwenzangu aliyenitangulia aliponiomba nimwonyeshe elektrodi mbili tu, zile za kando ya macho. Nilipozichora, mstari ulipanda taratibu baada ya mshale wa kulia na kushuka baada ya ule wa kushoto. Washiriki wangu walikuwa wakigeuza macho kidogo sana, na kwa kuwa jicho ni kama betri ndogo ambayo mbele yake ni chanya kuliko nyuma, kila linapogeuka hubadilisha umeme unaopimwa hadi mbali kichwani. Nilipoondoa majaribio yenye mwendo wa jicho, sehemu kubwa ya ugunduzi wangu ilitoweka. Iliniuma sana.

Kwa hiyo chora elektrodi za macho siku hiyo hiyo ya kurekodi, wala usingoje hadi mshiriki wa mwisho. Amua ni mwendo wa jicho wa kiasi gani utakufanya utupe jaribio, kabla hujaona matokeo. Ikiwezekana, onyesha alama na kuiondoa kabla ya milisekunde 200 kupita, kwa maana jicho kwa kawaida huhitaji muda wa kadiri hiyo ili kuruka kwenda mahali papya.

Hata hivyo, usilichukulie jicho kuwa kero tu, kwani hapa ndipo somo linapokolea. Mwaka 1985 Jeffrey Moran na Robert Desimone walionyesha kwamba seli katika eneo la V4 la ubongo wa kima, mojawapo ya maeneo yanayoshughulikia kuona, ikiwa na vitu viwili ndani ya uwanja wake wa kuona, yaani sehemu ya mandhari ambayo seli hiyo huiitikia, hujibu zaidi kulingana na kile ambacho mnyama anakizingatia, kana kwamba kile kingine kimefifia, ingawa picha inayofika kwenye jicho haijabadilika hata chembe. Ni nani basi anayeiamuru seli hiyo? Mwaka 2003 Tirin Moore na Katherine Armstrong walipitisha mkondo hafifu wa umeme katika eneo la mbele la ubongo linaloongoza miendo ya macho, mkondo usiotosha kuligeuza jicho, na seli za V4 zinazohusika na mahali ambako jicho lingegeukia zikaongeza mwitikio wake. Mtambo unaolielekeza jicho ndio pia unaosaidia kuuelekeza umakini.

Ukizisoma kazi hizo mbili, anza na michoro yake, jieleze kwa maneno yako kila mstari unapanda kwa sababu gani, kisha ndipo usome hoja za waandishi. Baada ya hapo rudi kwenye data zako na uitazame upya ile miruko midogo ya jicho isiyofikia digrii moja, ambayo mara nyingi huelekea upande uliodokezwa hata mshiriki anapoamini kwamba ametulia kabisa. Ihesabu, na uiripoti pamoja na matokeo yako.