Jibu: Nikadirieje gharama za nyumba ya vyumba vitatu Naliendele, Mtwara?

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje makadirio yasije yakakuacha njiani, maana fundi amekutajia jumla moja tu kwa mdomo. Kosa linaanzia hapo hapo. Mwambie akuandikie msingi, kuta, paa na umaliziaji mbalimbali, kila kitu na idadi yake.

Idadi unaweza kuihakiki mwenyewe. Chukua zege la sakafu: mita za mraba 80 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hiyo ni mifuko kama 52 ya kilo 50. Mimi fundi aliniandikia 35, nikanunua 35. Zege likakatikia mlangoni mwa chumba cha pili, jioni, na dukani saruji imeisha. Ufa wa pale tulipounganishia upo mpaka leo, na unaniuma kila nikipita.

Huku kwetu tunajidanganya pia kwamba saruji ikitengenezwa Mtwara basi ujenzi ni nafuu. Nondo, bati na vigae vingi vinasafiri kutoka Dar, kwa hiyo ulizia bei ya mzigo ukiwa umeshafika saiti. Maji ya boza wakati wa kiangazi nayo yaandike.

Halafu kuna msimu. Kuanzia Oktoba vibarua wengi wako kwenye korosho, kisha mvua mpaka Aprili. Jitahidi uwe umepaua kabla. Juu ya jumla ongeza asilimia 10 hadi 15 ya dharura, na usiiguse kwa ajili ya geti.

Akikuandikia, weka orodha hapa tuipitie pamoja.